MREJESHO: Santuri mpya ya jazi yenye mikwaruzo na piano inayoyumba

Wakuu, asanteni. Niliuliza kuhusu toleo jipya la albamu ya jazi ya miaka ya 1950, santuri ya gramu 180: sauti za mikwaruzo, sauti ya tarumbeta kupasuka, ya piano kuyumba.

Kuosha kwa maji yaliyokenekwa na tone la sabuni, kisha kusuuza, kumeondoa karibu sauti zote za mikwaruzo. Lilikuwa vumbi la mfuko wa karatasi. Mpya si lazima iwe safi.

Tarumbeta imetulia nilipopandisha uzito wa sindano juu ya santuri kutoka gramu 1.5 hadi 2, kama kartriji (kichwa kinachoshika sindano) inavyotaka. Ikiwa nyepesi mno, sindano hurukaruka na kuharibu mifereji ya santuri.

Piano imegoma. Tundu la santuri halikutobolewa katikati: mkono wa sindano unacheza kushoto na kulia kila mzunguko, takriban sekunde 1.8, na noti ndefu zinapanda na kushuka. Nilibadilishiwa, nakala ya pili ni yaleyale. Sasa nadai hela yangu.