Tupeane uzoefu: wenye biashara ndogo mnaomlipa wakili kwa mwezi, inalipa kweli?

Mzee Aluminiamu, Sakina
Wakuu habari za mihangaiko. Nina karakana ya madirisha ya aluminiamu hapa Sakina, Arusha, vijana watano. Kuna wakili kijana ana ofisi ghorofani karibu na Mnara wa Saa, kaniambia badala ya kumkimbilia kila nikiungua nimlipe elfu themanini kila mwezi, nimpigie muda wowote, anisomee mikataba, aandikie wadaiwa barua, mambo ya BRELA (wale wa usajili wa biashara na makampuni) yawe juu yake, ila kesi ikifika mahakamani bei yake mbali. Mama watoto anasema hicho ni king'amuzi kingine, unalipia mwezi mzima hujawasha. Mimi nasita kukataa kwa sababu nimeshaumia, nilifunga madirisha nyumba ya mtu Njiro, makubaliano ya mdomo na vimeseji viwili vitatu vya WhatsApp, jamaa kahamia, analala humo, milioni mbili na laki nne zangu mpaka leo ananiambia vioo vinavujisha maji. Aliyewahi kulipia aje atuambie.

Mama Vitenge, Moshi
Mimi nilikuwa nalipa elfu hamsini, nikaacha, nimerudi. Niliacha kwa sababu miezi mitano ilipita sijampigia hata mara moja nikaona nachangia harusi ya mtu. Sasa katika kuacha huko nikapata fremu nzuri karibu na Double Road, nikampa mpangaji aliyekuwa anatoka kilemba (hela ya kunipisha) milioni tatu, mkononi, hakuna karatasi, baada ya miezi minne mwenye nyumba ananiambia hicho kilemba hakijui na fremu anampa mwanae. Nilishaweka na tiles!

Fremu ya pili nikarudi kwa wakili na mkataba kabla sijasaini. Tulikaa mezani kwake, akachukua kalamu nyekundu akazungushia mstari mmoja tu, ule unaosema mwenye nyumba anaweza kusitisha wakati wowote, akaniuliza mama hizo shelfu na taa unaweka kwa hela ya nani? Nikasema yangu. Akaandika pembeni notisi ya miezi mitatu na gharama zirudishwe. Mwenye nyumba alinuna ila alisaini. Na ni yeye aliyenikumbusha ushuru wa stempu, asilimia 1 ya kodi ya mwaka, tena akaniambia mkataba usiolipiwa stempu siku ukienda nao mahakamani haupokelewi kama ushahidi mpaka ulipie. Miaka yote hiyo nilikuwa najua stempu ni ya posta.

Chalii wa Tours
Mkuu usikubali kirahisi. Nina kakampuni ka safari, gari mbili, hapa Chuga (Arusha). 2020 corona ilipoingia wateja wote wanataka deposit zao, mimi hela nilishalipia lodge. Nikakimbilia masharti ya kukansel niliyoweka kwenye tovuti yangu, ambayo nilikopi kwa kampuni moja ya Afrika Kusini bila kusoma, Mjerumani mmoja kayasoma yote kanirudishia kifungu kinachosema mgogoro wowote utaamuliwa Cape Town 😂 ananiuliza tukutane huko lini.

Basi nikachukua wakili wa mwezi, laki na nusu. Mwezi wa kwanza anajibu ndani ya dakika tano, akaniandikia masharti mapya safi kabisa. Mwezi wa nne namtumia mkataba wa dereva naona tiki za bluu tu, siku tisa. Nikipiga yupo mahakamani, yupo mahakamani kila siku hata Jumapili. Nikaacha. Sasa nalipa kwa kazi, ikiwepo.

Mangi Pasua
Huyo wako angalau alikuwa wakili. Mimi nimelipa elfu thelathini kwa mwezi miezi saba kumbe kishoka, muhuri wake kauchonga mtaani. Wadau jina la mtu liangalieni kwanza kwenye e-Wakili, orodha ya mawakili ya Mahakama mtandaoni, ni bure, dakika moja.

Keki na Mikate, Majengo
Yangu ni ya CMA, ile tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi. 2021 nilimfukuza muokaji kwa simu, kwa hasira, mifuko ya unga ilikuwa inapungua nami nikajua ni yeye (na bado najua ni yeye). Sikuandika barua, sikumuita kumsikiliza, nilisema usije kesho. Alikuwa na mimi miaka miwili. Ndani ya zile siku 30 anazopewa aliyefukuzwa akafungua malalamiko, nikaletewa fomu namba moja. Wakili niliyempata dakika za mwisho akaniambia sheria ya ajira ya 2004, kama ilivyokuwa wakati huo, ukishindwa inazungumzia fidia isiyopungua mishahara ya miezi 12, nikakaa chini pale pale kwenye ngazi. Tulimalizana kwenye usuluhishi, milioni moja na laki nne, bado hela ya wakili.

Tangu hapo nalipa elfu sitini kila mwezi. Kijana akikosea napiga simu kwanza, naambiwa andika hiki, mwite na shahidi, mpe nafasi ajieleze, notisi ya mwezi ni siku 28. Pia nimejua kumbe aliye chini ya miezi sita kazini kile kipengele cha kuachishwa isivyo haki hakimhusu, kwa hiyo kila mtu mpya tarehe yake ya kuanza ipo kwenye daftari. Hiyo simu moja kwangu imesharudisha mwaka mzima.

Mwanasheria mtazamaji
Ni wakili, ofisi sitaji maana kujitangaza kwetu kuna mipaka yake. Mfumo huu sio mpya, Marekani kampuni ya LegalShield, inayouza huduma za wakili kwa mwezi, wapo tangu 1972. Kinachowagombanisha watu huku ni kutokuandika kilichomo. Simu ngapi, mikataba mingapi, barua za madai zimo au hazimo, ajibu ndani ya siku ngapi, usipotumia mwezi huu inahamia mwezi ujao au imekufa. Na mkague kila Januari, cheti cha wakili kinaisha 31 Desemba. Halafu mkataba wowote anaoandaa uwe na jina lake na anuani kwamba kauandaa yeye, anayekwepa kuweka jina jiulize kwa nini.

Kwa Mzee Aluminiamu, hizo meseji za WhatsApp usizifute.

Chalii wa Tours
Mwanasheria hapo kwenye siku za kujibu umenigusa 😅

Mama Vitenge, Moshi
Mimi wangu zimo barua mbili kwa mwezi. Nimezitumia zote kwa wadaiwa wa vitenge vya vikoba, mmoja alilipa siku hiyo hiyo alipoona muhuri.

Mzee Aluminiamu, Sakina
Asanteni sana wakuu. Nimetoka kwake sasa hivi. Jina nimelikuta kwenye e-Wakili, safi. Nikamwambia poa, elfu themanini tuanze kwa miezi mitatu, ila tuandikiane yale yote kama alivyosema Mwanasheria hapo juu. Kacheka, ananiambia mzee sisi tumeshafahamiana, karatasi ya nini.

Mangi Pasua
Mzee shuka hizo ngazi 😂😂