Gari la tatu hili, zote vimeo. Wadau wa Tanga nishaurini

mkazi_makorora

Wakuu salaam. Mie nipo Tanga mjini, Makorora, kazi yangu iko Muheza, kwahiyo kila asubuhi lazima niwe barabarani na ukisubiri gari za abiria zijae ushachelewa. Ndo maana nang'ang'ana kuwa na usafiri wangu. Sasa hii ni gari ya tatu na zote zimenitoa jasho, mpaka mama yangu kashaanza kusema kuna mtu kanifunga nyota.

Ya kwanza kagari kadogo ka silinda tatu, namba C. Mafuta kanatumia kidogo sana lakini gia ikishapata moto inasita, unakanyaga, injini inanguruma, gari haiendi. Gia boksi nyingine na kuifunga ikawa hela ambayo haina maana ukilinganisha na bei ya gari lenyewe, nikaiuza na aliyenunua nikamwambia ugonjwa wake wazi.

Ya pili gari ya juu, nilipata kwa dalali mmoja hapa hapa mjini. Tanga Muheza inaenda haina neno. Tukapata msiba Lushoto, nikapakia wazee, ile tumeiacha Mombo tunaanza kupanda, hata Soni hatujafika, mshale wa temperecha huo juu kwenye nyekundu na mvuke unatoka kwenye boneti. Tumekaa kwenye kona wallahi, malori yanatupita hivi, mama kashika tasbihi. Ilipopoa nikafungua mfuniko wa rejeta, maji ya kahawia kama ya mto Pangani masika. Kuja kuangaliwa gereji thermostati, ile vali inayopitisha maji ya kupooza injini, ilishatolewa zamani, feni imeungwa dairekti izunguke muda wote, na silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, imepinda. Dalali simu hapokei mpaka leo.

Ya tatu ndo hii, sedani ya 2003, rangi inang'aa, dashibodi inasoma kilometa 92,000. Inakula oili. Kati ya servisi na servisi lazima niongeze, na asubuhi inatoa moshi wa bluu jirani anafunga dirisha. Fundi mmoja anasema tufunge injini ya Japan, mwingine anasema badili ringi za pistoni tu, mke wangu anasema uza. Nifanyeje? Na wenzangu mnakagua vipi gari ya mkononi, maana mie zote hizi nilienda na fundi kabla sijatoa hela.

fundi_ngamiani

Pole sana mkuu. Mie ni fundi, gereji yangu ipo Ngamiani, na nakwambia hakuna aliyekufunga nyota. Hayo magonjwa yote yalikuwepo siku unayonunua, ila yalikuwa yamefichwa.

Tuanze na hilo la oili. Kama hiyo sedani ni Toyota yenye injini ya 1ZZ, zile za mwanzo mwanzo wa miaka ya 2000 zinajulikana kwa kula oili. Matundu ya kurudisha oili kwenye pistoni ni madogo, yakiziba masizi ringi ya oili inaganda, oili inabaki kwenye kuta za silinda inaungua pamoja na petroli. Toleo la baadae pistoni zilibadilishwa, matundu yakaongezwa. Kwahiyo anayekwambia badili ringi tu uache pistoni zile zile atakula hela yako na baada ya muda utarudi kulekule. Na ya injini ya Japan nayo angalia, ukiletewa 1ZZ ya miaka hiyo hiyo umenunua ugonjwa ule ule kwa hela mpya.

Lakini usifungue kitu kwanza. Moshi unaotoka ukiwasha tu alfajiri halafu unakata, mara nyingi ni vali sili, yaani vimpira vinavyozuia oili kwenye vali, zimekauka, oili inachuruzika usiku inaingia ndani. Hiyo ni kazi ndogo, injini haishuki. Moshi unaotoka ukiwa barabarani umekanyaga mafuta ndo ringi. Wako upi?

Na hilo la thermostati linaniuma sana maana ni sisi mafundi tunaofanya. Tunasema huku joto, toa tu. Matokeo injini inachelewa kufika joto lake, inakula mafuta. Juu ya hapo mwenye gari anajaza maji ya kisima kwenye rejeta, na visima vya huku vingi maji yake yana chumvi, yanakula rejeta na njia za maji ndani ya injini kimya kimya. Barabara ya tambarare hutaona kitu, siku ukipanda Lushoto ambako ni kama mita 1,400 juu ndo unaona. Mtu akikuuzia gari fungua mfuniko wa rejeta injini ikiwa baridi kabisa, ukikuta kutu ndani ondoka.

bi_raskazone

Mwanangu pole. Swali moja, hao mafundi ulioenda nao walitoka wapi? Kama aliyekuletea gari ndo aliyekuletea na fundi, hapo ulikuwa peke yako, dalali na fundi ni lao moja. Tafuta fundi wa kwako, mlipe yeye hela ya ukaguzi iwe gari umenunua au umeacha, ili asiwe na haja ya wewe kununua.

Na hiyo 92,000 kwa gari ya 2003 mie siiamini. Kilometa zinarudishwa nyuma. Tazama mpira wa pedali ya breki, tazama stelingi na ukingo wa kiti cha dereva pale anapoingilia. Pedali imelika mpaka chuma kinaonekana halafu dashibodi inasema 92, hapo unadanganywa.

Jengine ni kutu. Sie huku pwani upepo wa bahari unakula chuma, na kuna gari zinatoka Japan zimeshaliwa tayari, zile za upande wa Hokkaido ambako barabara zinamwagiwa chumvi wakati wa theluji. Juu rangi mpya, chini imeoza. Lipandishe kwenye shimo uangalie chini. Rangi mpya kwenye gari kuukuu mie hunipa mashaka kuliko rangi iliyopauka.

dereva_horohoro

Mkuu kama unafikiria kuuza hiyo uagize nyingine Japan, piga hesabu kabla hujauza kitu. Ushuru wa forodha 25%, VAT 18%, na gari ikishavuka miaka kumi tangu itengenezwe unaongezewa uchakavu 30%, kwahiyo gari kama hiyo yako ukiiagiza leo kodi inaweza kuzidi bei uliyoiona mtandaoni. Kikokotoo kipo kwenye tovuti ya TRA, weka aina na mwaka uone mwenyewe. Ukiagiza dai karatasi ya mnada, ile ya ukaguzi wa gari kule Japan, ukiona grade R ujue ilishagongwa ikatengenezwa.

Ukinunua ya hapa hapa, kabla ya kutoa hata mia ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa trafiki uone faini, kosa moja ni 30,000 na gari zingine zinazo rundo, halafu angalia na deni la paking TARURA. Jina kwenye kadi liwe la huyo aliyesimama mbele yako. Ukiambiwa kadi ni ya shemeji yuko Dar, mwambie shemeji aje.

mkazi_makorora

Ahsanteni sana, wallahi nimepata nguvu. Fundi, moshi unatoka ile nawasha tu, nikifika barabara kubwa haupo. Na hao mafundi bi mkubwa umesema kweli, wawili waliletwa na wauzaji.

fundi_ngamiani

Basi usiuze kwanza, kuna uwezekano mkubwa ni vali sili. Jumamosi usiiwashe kabisa mpaka nifike, ntakuja Makorora alfajiri niione ikiwaka ya baridi, halafu ikishapata moto ntapima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, zote nne. Kompresheni ikiwa nzuri tunabadili sili, gari inarudi barabarani Jumatatu. Ikiwa mbaya ntakwambia hapo hapo na sikutozi cha kupima.