Simu imevimba betri na mdogo wangu anapanda ndege wiki ijayo, ataruhusiwa?

ZabibuTamu:
Habari za jioni wapendwa, naomba msaada kwa wanaojua haya mambo ya ndege. Mdogo wangu yuko hapa Dodoma, wiki ijayo anaenda Guangzhou kufuata mzigo wa nguo, anapandia hapa hapa mjini hadi Dar halafu anaunganisha Dubai. Sasa simu yake betri imevimba, mfuniko wa nyuma umeachia upande mmoja mpaka ukucha unapita, ukiilaza mezani ukaigusa kidogo tu inazunguka kama pia. Yeye anasema mbona bado inakaa na chaji, halafu namba zote za wateja na mawakala wa kule zimo humo, hawezi kuiacha. Anataka aizime, aiviringishe kwenye nguo aitie kwenye begi kubwa la kupakia chini ili wakaguzi wasimsumbue. Mimi moyo unakataa kabisa. Nakumbuka kuna simu iliwahi kupigwa marufuku kwenye ndege, ilikuwa ni aina ile moja tu au hata hii yetu inahusika? Na pawabenki ya 20,000 je?

MtuWaAnga:
Dada, huo mpango wa begi la chini aufute leo leo. Betri ya lithiamu ikishaharibika inaweza kuanza kujichemsha yenyewe kwa ndani, joto linazaa joto, na hata simu ikiwa imezimwa betri bado ina moto wake. Ikianza kufuka pale kwenye siti wahudumu wanaiona, wanaimwagia maji, wamefundishwa. Kule tumboni mwa ndege nani ataiona? Kuna gesi ya kuzimia moto ndiyo, ila inafifisha miale tu, betri inaendelea kujichemsha.

Simu unayoikumbuka ni Galaxy Note 7. Ilitoka Agosti 2016, Septemba Samsung wakaanza kuzirudisha, kama milioni 2.5 hivi, wakawapa watu nyingine na hizo nyingine nazo zikaungua. Tarehe 5 Oktoba moja ikatoa moshi ndani ya ndege ya Southwest pale Louisville, Marekani, bahati nzuri ilikuwa bado iko chini, abiria wakashushwa wote. Siku chache baadaye Samsung wakasimamisha utengenezaji, na kuanzia 15 Oktoba Marekani wakakataza kabisa kupanda nayo, iwe mfukoni, iwe begi la mkononi, iwe mzigo. Ile ilikuwa ya modeli moja kweli. Lakini betri iliyovimba au kuharibika hairuhusiwi kwenye ndege hata simu iwe ya kampuni gani, si mkononi si kwenye mzigo.

NkuhunguKwetu:
Mnamtisha bure dada wa watu. Mimi nimepita na simu ya hivyo hivyo pale uwanjani hakuna aliyeniuliza.

MtuWaAnga:
Mkuu hawakukuuliza kwa sababu hawakuiona, na ungekuwa na watu zaidi ya mia humo ndani futi elfu thelathini juu. Naomba sana tusimpe mtu ushauri wa hivyo.

Pawabenki ya 20,000 haina shida, ni kama 74 Wh (kipimo cha umeme unaokaa ndani ya betri) na mwisho ni 100 Wh bila kuomba kibali. Ila iwe begi la mkononi, isiwe la chini. Aangalie pia shirika lake linasemaje maana wamekaza sana, Emirates tangu Oktoba 2025 wanaruhusu moja tu na marufuku kuitumia angani. Halafu muhimu kwa anayeenda China: akipanda ndege za ndani kule, tangu Juni 2025 pawabenki isiyo na alama ya 3C (alama ya usalama ya China) haipiti, nyingi tunazonunua huku hazina, aigeuze aangalie mgongoni kabla hajaondoka.

FundiMajengo:
Dada mimi ni fundi simu, hizi napokea karibu kila wiki hasa hiki kipindi cha joto. Simu nzima haina ubaya, kibaya ni betri, ikitolewa ikawekwa mpya namba zake zote zinabaki vilevile. Ila asiendelee kuichaji, asiibonyeze ule mfuniko urudi (wengi wanafunga na raba, hapana jamani, unaikandamiza betri), na asiitoboe eti itoe hewa. Hata hiyo Note 7, walivyoeleza wenyewe Januari 2017, betri za mtengenezaji mmoja zilibanwa kwenye kona, za mwingine zilikuwa na kasoro ya uchomeleaji, yaani kitu kidogo sana ndani pande mbili zinagusana basi. Sasa wewe ukaibonyeze kwa kidole!

Betri mpya asichukue ya bei ya kutupa, na akae nayo siku mbili tatu akiitumia kabla ya safari aone kama inapata joto.

ZabibuTamu:
Asanteni sana, nimemsomea yote amekubali. Kaka fundi, akileta kesho utamtoa siku hiyo hiyo? Na ile betri mbovu tunaipeleka wapi, huku Kisasa watoto wanaokota kila kitu jalalani.

FundiMajengo:
Alete asubuhi chaji ikiwa imeshuka chini, mchana anachukua. Hiyo mbovu msiondoke nayo, niachieni, ninazo kwenye ndoo ya mchanga nje ya kibanda.