Eti chati yangu ya ukoo wa Louis VII ni "tambi zimemwagika"!

Wakuu, nina hasira mpaka simu inanitetemeka mkononi. Yule mjuaji wa humu, mnamjua, yule ambaye hata kwenye uzi wa tanzia lazima aanze na "kitaalamu". Nimekesha siku mbili na rula na kalamu nyekundu nachora ukoo wa Louis VII, mfalme wa Ufaransa. Nabandika tu, hata maji sijanywa, jamaa huyo: "Mkuu, hizi tambi zimemwagika?"

Tambi!

Sasa mstari mnyoofu ningeutoa wapi? Machi 1152, pale Beaugency, mji wa Ufaransa, ndoa ya Louis na Eleanor wa Aquitaine ikavunjwa, sababu eti ni ndugu. Mei hiyohiyo mama kaolewa na Henry, yule aliyekuja kuwa mfalme wa Uingereza 1154, ambaye undugu wao ni wa karibu kuliko wa Louis! Mstari usipinde?

1160 Louis kamuoa Adèle wa Champagne. Kaka zake Adèle, Henri na Thibaut, ndio waliowaoa mabinti wa Louis, Marie na Alix. Yaani wakwe zake ndio mashemeji zake! Marie amwite Adèle mama wa kambo au wifi? 1165 kazaliwa Philippe: mjomba wake ndiye shemeji yake. Hapo kalamu imepita mara nne, karatasi ikatoboka. Mtu anaona lile tundu, anasema tambi. Na mliocheka nimewaandika.

#2: Nimefungua picha. Nyama ya kusaga iko wapi?

#3: Kitaalamu, zile ni tambi za kukaanga.

#4: Mtoa mada punguza mzuka. Ila mjomba kumuoa dada yako inakuwaje?

#5: Mama tofauti mkuu. Marie wa Eleanor, Philippe wa Adèle.

#6: Msinitajie wajomba. Wangu alikusanya michango ya harusi yangu akanunua bodaboda. Ukumbini hakutia mguu.

#7: Afadhali wewe. Wangu alikula hela ya sare, kamati nzima tukavaa za msiba wa bibi.

#8 (mtoa mada): Jamani, tambi...

#9: Subiri kwanza mkuu. #6, hiyo boda bado ipo? Anauza?