Naomba ushauri: jirani yangu amefiwa, na watu wameshaondoka

Wakubwa shikamooni. Niko Kibosho, Moshi. Dada jirani yangu alifiwa na mumewe miezi 8 iliyopita. Tulimzika kihambani, rambirambi zikachangwa, turubai likakunjwa, kila mtu akarudi kwake. Mpaka leo chakula hagusi, migomba imemezwa na majani, na jioni bado anapakua sahani ya marehemu. Watu wanamwambia "jikaze, kazi ya Mungu haina makosa". Inaniuma, kwa sababu kila akiambiwa hivyo anazidi kujifungia ndani. Mwongozo wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, ulioanza kutumika 2022, unahesabu majonzi makali yanayopita miezi 6 na kumlemaza mtu kuwa tatizo la kutibiwa. Nimshawishi twende hospitali, au nianze na kina mama wa jumuiya? Na nimwambieje bila kumtonesha?