Naomba ushauri: hedifoni ya kwanza ya maana, bajeti 250,000

Wakuu, habari zenu. Nipo Mwanza, natafuta hedifoni ya waya ya kusikilizia muziki kwenye simu yenye tundu la milimita 3.5. Nataka iliyozibwa nyuma, maana hedifoni iliyo wazi nyuma huingiza kelele zote ndani ya daladala ya Igoma. Omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) zisizidi 40 hivi. Hedifoni ya Beyerdynamic DT 770 Pro ya omu 250 simu huisukuma kwa shida, sauti inabaki chini. Waya lazima uchomoke, kwa sababu mara nyingi hukatika karibu na jeki wakati spika bado ni nzima kabisa. Hapo ndipo Sony MDR-7506 inaponikatisha tamaa, waya wake hauchomoki. Nimeegemea Audio-Technica ATH-M40x, omu 35. Kwa joto hili na jasho, sponji zake zinadumu? Na feki naitambuaje kabla sijalipa?