Corolla 110 inakosa nguvu mlima Bugando: nipandishe presha ya mafuta?

Mchuuzi wa Mwaloni:
Wakuu, habari za jioni. Nina Corolla 110, injini 5A-FE. Kila alfajiri nabeba dagaa kutoka soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza. Tambarare inakwenda vizuri, ila nikianza kupanda Bugando na mzigo inalegea, nakanyaga hadi chini haiitiki. Fundi anataka kufunga regyuleta (kidhibiti cha presha ya mafuta) ya kurekebisha kwa mkono, apandishe presha hadi psi 60. Anataka laki na nusu. Nitoe?

Kijana wa Nyegezi:
Usitoe. Shemeji yangu alifungiwa hiyo, wese likawa halikai na plagi zikatoka nyeusi kama masizi ya chungu.

Fundi wa Mabatini:
Mkuu, nakuomba usikubali kabla haijapimwa. Injini hiyo inataka psi 38 hadi 44 ukichomoa mpira wa vakyumu (ule mwembamba unaotoka kwenye injini) kwenye regyuleta. Ukiurudisha, ikiwa sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyagwa, inashuka hadi 33 au 35 hivi. Kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, imepangiwa presha hiyo. Inahesabu nozeli inayonyunyiza mafuta ifunguke kwa muda gani, lakini haijui kwamba umeongeza presha. Kutoka 40 kwenda 60 mafuta yanaongezeka kama asilimia 22, na hewa ni ileile. Ukienda taratibu, oksijeni sensa, inayopima moshi wa egzosi, itajitahidi kuyapunguza. Ukikanyaga mpaka mwisho haisikilizwi tena, mafuta yote ya ziada yanaingia na nguvu inazidi kupungua. Nililifanya kosa hilo kwenye gari la mteja, masega ya kusafisha moshi kwenye egzosi yakaungua, na linaniuma hadi leo.

Wenye tabo (ya kusukuma hewa zaidi kwenye injini) au nozeli kubwa wana sababu ya kugusa presha, nao wanapanga upya na kompyuta. Wewe unabeba dagaa.

Fanya hivi. Injini ikiwa inaunguruma, chomoa umeme wa pampu ya mafuta, acha izime yenyewe ili presha iishe, ndipo ufungue bomba. Asiwepo mvuta sigara karibu! Funga geji yenye mpira mrefu, itoe nje ya boneti, ibane chini ya waipa uione ukiwa kwenye usukani. Rudisha umeme wa pampu, kagua kama kuna panapovuja, kisha panda Bugando na mzigo uleule. Ukikanyaga, mshale unatakiwa kupanda karibu na 40. Ukishuka, mafuta hayafiki: filta, pampu, au umeme wa pampu. Ukichomoa mpira wa vakyumu ukakuta una petroli ndani, regyuleta imepasuka.

Mchuuzi wa Mwaloni:
Fundi, Mungu akubariki. Leo saa kumi na mbili asubuhi nimepanda na gunia nne. Sailensa ilisoma 34, nikaona tumekosea. Nilipoanza kukanyaga kwenye kona, mshale ukashuka 30, 25, ukafika 20 na gari likalegea palepale.

Tumetoa filta, tukaimwaga kwa upande wa kuingilia kwenye bakuli jeupe la mke wangu. Yametoka maji ya rangi ya chai ya maziwa, na chini mchanga wa kutu. Huwa nanunua petroli ya madumu kijijini nikienda kufuata mzigo. Filta mpya imefungwa, mshale umesimama 39 hadi juu kwenye hospitali ya Bugando. Kesho nashusha tangi.

Fundi wa Mabatini:
Lishushe kweli. Na utazame kichujio cha pampu, kile cha wavu, lazima nacho kimejaa.